Wageni Wanaofika na Kusi: Ndege wa Pwani Zetu, Julai hadi Septemba

Assalamu alaykum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioacha mpira jioni hii.

Mjini wengi hudhani ndege wa Ulaya na Siberia huja na kaskazi, Novemba au Disemba, pamoja na watalii. Mama zetu wanaoshuka pwani ya Chwaka kutafuta chaza hawakubali, maana wao huwaona kusi lingali likivuma. Wako sahihi. Julai ikiisha, vitwitwi wa kwanza wameshatua, na katikati ya Agosti mluzi wa sululu, yule ndege mkubwa wa mdomo mrefu uliopinda, unasikika hadi kwenye mikoko.

Kwa nini mapema hivyo? Yupo kitwitwi mmoja mdogo, gramu 60 hivi, mdomo wake mrefu umepinda kwa chini. Huyu huzaa Juni kule Siberia, upande wa rasi ya Taimyr, ambako kiangazi ni kifupi mno. Dume haatamii mayai. Mwanzoni mwa Julai huyo, kashaondoka. (Kicheko.) Nyinyi chekeni tu, mimi sina la kusema. Jike hubaki na watoto, kisha naye hufunga safari. Watoto huja nyuma ya wote, Septemba kuelekea Oktoba, zaidi ya kilomita 8,000, wala hawana mzazi wa kuwaonesha njia.

Lakini si kila utakayemwona Julai ni mgeni. Wengi waliozaliwa mwaka jana hawarudi kaskazini mwaka wao wa kwanza. Hushinda papa hapa masika na kipupwe, sululu hasa. Basi ukiona sululu mwezi wa Juni, usitangaze kwamba msafara umefika.

Kwa yule kitwitwi wa mdomo uliopinda, tazama kifua. Aliyebaki ni wa kijivu juu, mweupe chini. Aliyetoka kuzaa hufika na wekundu wa matofali kifuani na tumboni, nao umeshaanza kumtoka, mabaka mabaka, kama ukuta wa chokaa uliobambuka. Muwahi, maana akishabadilisha manyoya hutamjua tena kati ya wenzake. Mtoto wa mwaka huu hana wekundu huo: kifua chake kimeiva kidogo tu, na kila unyoya wa mgongoni una ukingo mweupe.

Sasa yule mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi. Yeye hatoki mbali hivyo. Huzaa pwani za Bahari ya Shamu, Ghuba na Somalia. Huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kulilea. Tena huja na mtoto wake! Mtazameni: mtoto ana kimo karibu sawa na mzazi, rangi ya kijivujivu, anamfuata nyuma akilialia mpaka apewe kaa. Amevuka bahari, bado analishwa.

Kusi pia hutuletea wa upande wa pili. Kulasitara wa Madagaska, ambaye duniani amebaki mchache, huvuka kuja Afrika Mashariki kuanzia Mei hivi, akarudi Oktoba. Mtafuteni kwenye madimbwi na mabonde ya mpunga, si ufukweni.

Kuhusu saa ya kwenda: maji yakiwa yamekupwa kabisa wakati wa bamvua, ndege wametawanyika hadi karibu na mwamba, utaona vidoa tu. Nenda yakianza kujaa, kaa chini, waache wasukumwe na maji waje kwako. Yakijaa hujikusanya kwenye fungu lililobaki kavu. Hapo msiwakurupushe, hata kwa picha, na mbwa wafungwe. Ndege aliyechoka akirushwa mara tatu nne, mafuta anayoyakusanya huishia hewani.

Kijana wa pale nyuma kauliza habari za pete, zile wanazovalishwa ndege na watafiti. Ukiokota ndege aliyekufa ana pete mguuni, andika herufi na namba zote, mahali na tarehe, piga picha. Akiwa hai, soma kwa darubini na umwache nayo.