Nyota haijatajirika, imechenji dola tu

Karibuni, hata ninyi mliofuata viti tu. Waliokwisha kunisikia hapa Lubumbashi wanajua nitaanzia wapi. Wavumilie.

Mtu akiona nyota imezidi kung'aa, papo hapo anasema imeongeza moto. Hapana! Niseme mara ngapi? Twende sokoni. Mama anauza sombe, wewe unamletea noti moja ya dola 100. Ataipokea? Atakufukuza. Kwake wewe ni maskini. Unakwenda kwa kambisti pale kona, anakuhesabia faranga bunda kwa bunda, mfuko unavimba mpaka unatembea umeushika. Ukirudi, mama anakuita papa, anakupa na matabishi. Umetajirika?

Basi jicho ndilo yule mama. Nyota S Doradus, inayoupa jina ukoo mzima wa nyota kubwa zinazochenji hivi, iliyo katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, ikitulia ina joto la digrii 20,000 hivi usoni, na nuru yake nyingi ni urujuanimno, noti ambayo jicho halipokei. Kisha inavimba, uso unapoa hadi karibu digrii 8,000, nuru inahamia kwenye rangi tunazoziona. Jumla ya nguvu ni karibu ileile! Miaka ikipita inasinyaa, inarudisha faranga zake kwenye dola.

Najua kijana mmoja atasema kambisti naye hula chake. Kweli, na nyota vilevile: kuinua tabaka zile za nje ni kazi, nayo inakula nguvu. AG Carinae, nyota nyingine ya ukoo huu, ilipopimwa, jumla ilionekana kushuka wakati imevimba. Umefurahi?

Mwingine ataniuliza: "Na nyota Eta Carinae?" Ile haikuchenji, ilitupa mtaji. Machi 1843 ilikuwa nyuma ya Sirius, nyota ing'aayo kuliko zote usiku, peke yake kwa kung'aa, nayo iko mbali miaka ya nuru kama 7,500! Ilitapika maada inayozidi uzito wa majua 10, halafu ikafifia hata jicho tupu likaikosa. Sababu yake wataalamu wanabishania hadi leo. Ina nyota mwenzake, wanazungukana kila miaka 5.5, lakini hayo... Nyota P Cygni, iliyong'aa ghafla mwaka 1600, nayo naiacha, naonyeshwa saa.

Na ile nyota nyekundu, Betelgeuse? Papa, kila mara Betelgeuse! Si ya ukoo huu. Kufifia kule kwa 2019 kulikuwa vumbi.

Tutoke nje, umeme umekatika mtaa mzima na leo sinung'uniki. Anzieni Msalaba wa Kusini, mwelekee magharibi kidogo, mtaona kiwingu chepesi. Eta imo humo.