Majina ya Vipande Vinavyobaki

Ndugu wasikilizaji,

Anayetaka kuelewa majina ya tofauti ndogo za sauti katika nadharia ya kutuni ala na aanze na hesabu, kwa kuwa majina hayo yalizaliwa pale hesabu ilipokataa kufunga. Tukipanda mara 12 kwa hatua ya tano iliyo safi, yaani umbali wa sauti mbili ambazo mitetemo yao ina uwiano wa 3 kwa 2, tunatarajia kutua juu ya sauti tuliyoanzia, oktavu 7 juu yake, oktavu moja ikiwa ni uwiano wa 2 kwa 1. Kumbe tunaipita kidogo, kwa uwiano wa 531441 kwa 524288. Ziada hiyo huitwa koma ya Pythagoras, nayo ni takriban senti 23.46, senti ikiwa ni kipimo cha umbali wa sauti alichokibuni Mwingereza Alexander Ellis, ambacho oktavu nzima ni senti 1200.

Koma kwa Kigiriki ni kipande kilichokatwa, na alama ya koma tunayoitia katika sentensi imetoka kwenye neno hilohilo. Ninachokipenda hapa ni kwamba Wagiriki hawakutaja ukubwa wa kitu bali namna kilivyopatikana. Limma ni masalio: ondoa toni mbili nzima, kila moja 9 kwa 8, katika hatua ya nne iliyo safi, 4 kwa 3, nawe utabaki na 256 kwa 243. Skisma ni mpasuko, na leo ndilo jina la tofauti iliyopo kati ya koma ya Pythagoras na koma ya Didymus, mwananadharia wa muziki wa Kigiriki, ambayo ni 81 kwa 80. Tofauti hiyo haifiki hata senti 2.

Diesis ndiyo inayosumbua. Kwa Philolaus, mwanafalsafa wa Kigiriki, ilikuwa ni limma hiyohiyo. Kwa Aristoxenus, mwananadharia wa muziki wa Kigiriki, ikawa robo ya toni. Na siku hizi kwa kawaida ni 128 kwa 125, yaani kiasi ambacho hatua tatu kubwa za tatu, kila moja 5 kwa 4, hupungukiwa nacho ili zifikie oktavu moja. Kwa hiyo anayeandika diesis bila kuweka uwiano wake humwachia msomaji kazi ya kukisia.

Hata hivyo desturi ya kuchukua majina kutoka Kigiriki haikufa. Shohé Tanaka, Mjapani aliyesoma Ujerumani, alipohitaji jina la tofauti nyingine ndogo, 15625 kwa 15552, mwishoni mwa karne ya 19, alirudi kwenye Kigiriki akachukua kleisma, neno la kufunga.