Mifano Mitano Haithibitishi Kitu

Mlionisikia zamani mnajua ninakoelekea, vumilieni. Mwanafunzi anajaribu kanuni kwa namba tano, inakubali, anaandika "imethibitika" na kuweka kalamu chini. Namrudishia daftari na namba moja tu: 4,294,967,297.

Mwaka 1640 Fermat, mwanasheria wa Kifaransa, alikuwa na 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Chukua 2, ipandishe kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, kila mara ongeza 1, utazipata. Akaamini zinazofuata nazo ni tasa. Inayofuata ni 2³² + 1, ndiyo hiyo yetu. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akaonyesha inagawanyika kwa 641.

Nasikia huko nyuma: "Mwalimu, simu inatoa jibu papo hapo." Haya, itoe. Itakupa 6,700,417, bila baki. Umejua inagawanyika. Kwa nini inagawanyika, je? Kimya! Basi shikeni kalamu.

641 ni 5 × 128, ongeza 1. Na 128 ni 2⁷. Kwa hiyo, tukihesabu mabaki tu ya kugawa kwa 641, 5 × 2⁷ ni sawa na −1, maana 640 imepungukiwa 1 tu kufika 641. Pandisha pande zote mbili kwa kipeo cha 4: hasi inatoweka, 5⁴ × 2²⁸ inakuwa 1. Tulieni hapo, maana utamu unakuja. 641 hiyohiyo ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Basi palipo na 5⁴ weka −2⁴. Unapata −2³² ni sawa na 1. Hamisha: 2³² + 1 ni sifuri. Imegawanyika, na zile tarakimu kumi hakuna aliyezigusa!

Mtaniuliza 641 imetoka wapi, mbona kama mazingaombwe. Hapana. Euler huyohuyo alithibitisha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Namba tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Nne za kwanza zinakataa. Kazi ya jioni moja, bila umeme.

Zilizofuata katika orodha ya Fermat? Hadi leo hajapatikana mtu wa kuonyesha tasa ya sita, baada ya zile tano. Wala msiniandikie kwamba haipo, hilo nalo halijathibitishwa! Gauss, mwanahisabati wa Kijerumani aliyeonyesha kwamba umbo la pande 17 sawa, 17 ileile ya Fermat, laweza kuchorwa kwa rula na bikari, nilimwandalia kurasa mbili, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Ulizeni.