Shukrani Yenye Maswali: Mhadhara kwa Walimu Watarajiwa, Mtwara

Mheshimiwa mkuu wa chuo, wakufunzi, wazee wetu mliostaafu jeshini, shikamooni. Walimu watarajiwa, hamjambo? Naona sauti za watu walioshiba. Vizuri, maana hii si hotuba ya gwaride, itabidi tufikiri kidogo.

Kila tarehe 25 Julai tunatazama mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, shoka na mashada ya maua vikiwekwa mnarani. Tunasimama kimya, kisha kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Mimi naipenda ibada ile na sitaki ifutwe. Ila nashuku tunaipenda kwa sababu marehemu hana usumbufu. Hafuatilii mafao, wala hatukatizi tunapomsimulia vibaya. Aliye hai ndiye mwenye madai. Nimekuja kumsemea huyo, lakini nitapitia makaburini kwanza.

Naliendele, ukimtajia mgeni, atakwambia utafiti wa korosho. Hajakosea. Lakini hapo hapo wamezikwa wanajeshi wa JWTZ, jeshi letu, waliokufa Msumbiji kati ya 1986 na 1988, walipokwenda kuisaidia serikali ya FRELIMO dhidi ya waasi wa RENAMO. Mwanafunzi mkorofi, na nawaombea mpate wengi wa aina hiyo, atauliza: mwalimu, hawa walikuwa wanalinda uhuru wa nani? Zambezia iko Msumbiji, si Tanzania.

Usimkaripie. Mpe historia ya mkoa wake mwenyewe. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, vita dhidi ya Wareno ikaanza Septemba 1964, na mzigo mkubwa ukaangukia huku kwetu. Wapiganaji walifunzwa Nachingwea. Majeruhi walitibiwa katika hospitali ya FRELIMO iliyokuwa hapa Mtwara. Wakimbizi walipokelewa Rutamba, Lindi. Mreno hakuuona mto Ruvuma, mpaka wetu, kama ukuta. Mabomu yake yalivuka. Mwanakijiji wa bondeni kule hakuhitaji kusomewa azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika ili ajue kwamba mpaka jirani yake awe huru, yeye mwenyewe hatalima kwa amani. Mei 1975 Samora Machel alivuka Ruvuma kurudi kwao, na mwezi uliofuata, tarehe 25, bendera ya Wareno ikashuka.

Kwa hiyo ukitaka kuuona uhuru waliolala Naliendele waliufia, usiutafute kwenye katiba peke yake. Mtazame Mmakonde wa Newala mwenye shangazi Mueda, Msumbiji, anayetaka kwenda msibani na kurudi salama. Nendeni Mtambaswala mlione Daraja la Umoja lililofunguliwa 2010. Na mkumbuke kwamba uhuru huo hauna dhamana ya milele: Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilishambuliwa na magaidi waliotokea ng'ambo ya mto, na kuanzia 2021 hadi 2024 vijana wetu walikuwa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, chini ya bendera ya SADC. Baadhi yenu mmesoma nao.

Sasa Kagera. Ya Kagera mnayajua, nitapita haraka: Idi Amin wa Uganda alivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba uwezo, sababu na nia tunavyo, tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Mashujaa wengi wamelala Kaboya, Muleba. Ninachotaka mkitazame ni yaliyofuata baada ya ushindi, ambayo hayapigiwi tarumbeta.

Jeshi lile lilikuwa limevimba kwa maelfu kwa maelfu ya mgambo. Watu waliotoka mashambani, wakajifunza kutumia silaha nzito, wakaangusha serikali ya nchi nyingine, wakarudi nyumbani na sifa. Walikuta nini? Sukari hakuna, sabuni hakuna, na Mwalimu anawaambia wananchi wafunge mkanda miezi 18. Katika Afrika ya miaka ile, nchi ngapi zilipinduliwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo? Sisi wenyewe tulikuwa tumeshaonja: Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na aibu ile ilizimwa kwa kuwaita wanajeshi wa Uingereza, mkoloni wa jana. Ndiyo maana Septemba mwaka huo likazaliwa jeshi jipya, likaitwa la wananchi.

Miaka 15 baadaye, mgambo yule wa Kagera alirudisha bunduki ghalani, akapanda gari, akarudi kupalilia mikorosho yake. Mimi nadhani hilo ni jambo kubwa kuliko kuiteka Kampala. Nchi nyingi zimewahi kushinda vita. Zilizoweza kuwavua washindi wake kombati bila wao kudai ikulu ni chache. Mnapopanga foleni ya kupiga kura, mnapomsema mbunge wenu kijiweni bila kuangalia nyuma, mjue kuna wazee waliokuwa na uwezo wa kuwanyima nafasi hiyo na hawakufanya hivyo. Wala sisemi kwamba kila kilichotokea kilikuwa safi. Vita ni vita, na mzee mkweli atawaambia hata yasiyopendeza, mkimpa nafasi.

Nafasi yenyewe inapungua. Aliyekuwa na miaka 20 siku Kampala inaanguka, leo anakaribia 70. Na huku kusini tuna mfano mbaya wa kukawia. Oktoba 1917, pale Mahiwa, jirani na Nyangao, Wajerumani na Waingereza walipigana siku 4 vita vikali mno, na wengi wa waliokuwa wakichinjana kwa niaba yao walikuwa Waafrika wa pande zote mbili, hadi askari kutoka Nigeria. Nyuma yao wapagazi, wamebeba risasi na unga vichwani. Majenerali tunayo majina yao, hata waliyoyaandika wenyewe tunayo. Mpagazi wa Lindi aliyekwenda na mzigo akafia njiani aliitwa nani? Waliomjua walikuwepo muda mrefu, ila hakuna aliyekwenda na daftari.

Ninyi mtapangiwa shule Tandahimba, Liwale, Nanyumbu. Kila kata ina mzee wa namna hii, na wengi wenu hamtamjua kwa sababu amekaa tu kibarazani kwake kama babu wengine. Mpelekeeni watoto. Wafundisheni kwanza maswali ya kuuliza. Lile la "babu, uliua wangapi?" walikomeshe nyumbani. Waulize mlikula nini. Barua zenu zilifikaje kwa mama? Daraja la Kyaka lilikuwa limeshavunjwa, mto Kagera mlivukaje na mizinga? Aliyelala kando yako kwenye handaki aliitwa nani, na kwao wapi? Majibu yaandikwe kwa maneno ya mzee mwenyewe, Kimakonde, Kimwera, vyovyote atakavyosema, nakala ibaki shuleni na nyingine ibaki kwake.

Nilikuwa na mengine kuhusu namna ya kuzitunza nakala hizo. Lakini mzee wa safu ya tatu ameinua mkono tangu nilipotaja Kyaka, na nilivyosema "mizinga" ametikisa kichwa kama mtu aliyesikia kosa. Mwenyekiti, naomba kipaza sauti kimfikie. Mzee, karibu. Na ninyi, toeni kalamu.