Trikinela: Mnyoo Anayesubiri Mwenyeji Wake Aliwe

Waheshimiwa wasikilizaji,

Mada ya leo ni jenasi ya minyoo duara iitwayo trikinela, kwa jina la kisayansi Trichinella, inayoshambulia mamalia wa aina nyingi, binadamu akiwamo. Naomba tuitazame kwa jambo moja: mnyoo huyu haishi hata siku moja nje ya mwili wa mnyama, uwe hai au mzoga. Hatagi mayai yanayoanguliwa udongoni kama minyoo wa safura, wala hahitaji mbu au konokono wa kumbeba. Huhama kwa njia moja tu, nayo ni mnyama mmoja kumla mwingine.

Mwaka 1835, James Paget, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari katika hospitali ya St Bartholomew mjini London, aliona chembe nyeupe ngumu katika misuli ya maiti iliyokuwa ikipasuliwa. Wapasuaji wengine walikuwa wameziona kabla yake bila kuzijali. Paget alitafuta hadubini, akakuta ndani ya chembe hizo mnyoo mdogo aliyejikunja. Mtaalamu wa anatomia Richard Owen ndiye aliyemweleza kitaalamu na kumpa jina mwaka huohuo, lakini kwa miaka 25 hivi iliyofuata wengi walimwona kuwa kiumbe wa ajabu asiye na madhara.

Nyama yenye minyoo wachanga ikiliwa, asidi ya tumbo na kimeng'enya cha pepsini huwafungua kutoka katika makasha yao, nao huingia katika ukuta wa utumbo mwembamba. Humo hujivua ganda mara nne kwa muda wa takriban saa 30, hukomaa na kupandana, na baada ya siku chache jike, mwenye urefu wa milimita 3 hivi, huanza kuzaa watoto walio hai kwa mamia. Watoto hao huchukuliwa na limfu na damu hadi misulini, hasa misuli isiyopumzika sana, kama ile ya ulimi, ya macho, ya taya, na ule unaotenganisha kifua na tumbo.

Hapo ndipo penye jambo ninaloliona kuwa la ajabu kuliko yote. Mtu angetarajia mnyoo aliyeingia ndani ya seli ya msuli aile mpaka ife. Trikinela huiacha hai na kuigeuza. Nyuzi zilizoiwezesha seli kujikaza na kulegea hutoweka, viini vyake hukua, na mwili wa mwenyeji, yaani mnyama anayemhifadhi mnyoo, hujenga wenyewe ukuta wa kolajeni, protini ngumu ya mwilini, kuizunguka. Kisha mishipa midogo mipya ya damu huota pembeni mwa kasha hilo, ikileta chakula na kuondoa taka. Baada ya majuma mawili au matatu kazi huwa imekamilika, na mnyoo, ambaye sasa amefikia milimita 1 hivi, huweza kukaa humo kwa miaka. Hata mzoga ukianza kuoza hafi upesi, kwa kuwa anahitaji oksijeni kidogo mno. (Spishi moja, Trichinella pseudospiralis, hajengewi kasha, naye huingia hata katika ndege.)

Madhara yake kwa binadamu yalithibitika mwaka 1860, daktari Friedrich Zenker alipochunguza huko Dresden, Ujerumani, mwili wa mtumishi msichana aliyedhaniwa kufa kwa homa ya matumbo. Alikuta minyoo wachanga misulini na waliokomaa utumboni, akafuatilia mpaka nyama ya nguruwe aliyokuwa amekula msichana huyo. Miaka mitano baadaye, katika kijiji cha Hedersleben, Ujerumani, zaidi ya watu 300 waliugua na takriban 100 wakafa. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow alipigania ukaguzi wa nyama kwa nguvu zake zote, na kwa maoni yangu alistahili kusikilizwa mapema zaidi.

Ugonjwa huanza kwa kuhara na maumivu ya tumbo, dalili ambazo ni rahisi kuzidharau. Hufuata homa, uvimbe kuzunguka macho na maumivu makali ya misuli, na katika wachache moyo wenyewe huvimba na kuleta kifo. Albendazoli na mebendazoli hufaa zaidi minyoo wakiwa bado utumboni. Wakishajifungia misulini, dawa hizo hupungukiwa nguvu.

Kwa hiyo kinga yote imo katika nyama, na jicho la mkaguzi pekee halitoshi. Kipimo cha kuaminika ni kukata kipande cha msuli, kukisaga na kukikoroga katika maji vuguvugu yenye pepsini na asidi ya hidrokloriki, kisha kutafuta kwa hadubini minyoo waliosalia. Yaani maabara hufanya kwanza kile ambacho tumbo la mlaji lingefanya. Nyama ya nguruwe isiyozidi unene wa sentimita 15 ikigandishwa kwa nyuzi 15 chini ya sifuri kwa siku 20, Trichinella spiralis, spishi ya kawaida ya nguruwe, hufa. Lakini Trichinella nativa, anayeishi katika dubu na wanyama wengine wa kaskazini ya mbali, huvumilia kugandishwa kwa miezi mingi, na kutia chumvi au kukausha kwa moshi si njia za kutegemewa. Anayekula nyama ya mnyama wa mwituni aipike mpaka katikati yake ifikie nyuzi 71 za Selisiasi.