Kwa nini "foot" huwa "feet": nomino moja ya Kigermaniki

REHEMA: Karibuni. Leo ni nomino moja tu, ile ya mguu. Kiingereza "foot", wingi "feet". Kijerumani "Fuß", "Füße". Kiswidi "fot", "fötter". Kiholanzi "voet", "voeten". Kaka Juma, asili yake?

JUMA: Shina la kale la Kihindi-Kiulaya, lugha mama ya lugha nyingi za Ulaya na India, lilikuwa na p na d. Kilatini kimezitunza katika "pedis", Kigiriki katika "podos". Katika Kigermaniki, tawi la lugha hizo nne ulizozitaja, p ikawa f, d ikawa t. Mwanaisimu wa Denmark Rasmus Rask aliyaonyesha mageuzi haya mwaka 1818, Mjerumani Jacob Grimm akayapanga kama kanuni 1822. Hapo tunapata umoja *fōts, wingi *fōtiz. Nyota ina maana hayakuandikwa popote, wataalamu wameyajenga kwa kulinganisha lugha.

REHEMA: Shikeni hiyo i ya *fōtiz.

JUMA: Ndiyo kiini. Ulimi ukijiandaa kutamka i, irabu ya nyuma husogea mbele. Kwetu, katika Kiswahili, i hiyohiyo hugeuza konsonanti: pika, mpishi, lewa, mlevi, jenga, mjenzi.

REHEMA: Na mfuatano usivurugwe. Katika Kiingereza z ilidondoka, ikabaki *fōti. Kisha ō ikawa œ̄, irabu ya mbele inayotamkwa midomo ikiwa imeviringwa. Baada ya hapo ndipo i ikapotea, kwa kuwa silabi ya kwanza ilikuwa nzito, yaani yenye irabu ndefu. Midomo ikaacha kuviringwa: "fēt". I ingepotea mapema, "feet" isingekuwepo.

JUMA: Kijerumani cha kale kilikuwa na "fuozi", i yake haikupotea, ilififia tu ikawa e. Ndiyo maana "Füße" ina alama mbili za wingi, ü na e. Kiholanzi hakikugeuza irabu ndefu kama hiyo, kikategemea -en.

REHEMA: Sasa kosa linalofundishwa sana: kwamba irabu iligeuka ili kuonyesha wingi. Hapana! Tazama Kiaisilandi, ambako umbo la nomino hubadilika kulingana na kazi yake katika sentensi, umoja: fótur, fót, fæti, fótar. Wingi: fætur, fætur, fótum, fóta. "Fæti" ni umoja na imegeuka. "Fótum" ni wingi na haikugeuka.

JUMA: Kiingereza cha kale vilevile: "fēt" ilikuwa pia umoja, baada ya vihusishi kama "kwa" na "kwenye". Palipokuwa na i, irabu iligeuka, basi. Maumbo mengine yalipokufa ndipo "feet" ikabaki na kazi ya wingi peke yake.

REHEMA: Na "a six-foot wall", ukuta wa futi sita, mbona si "feet"?

JUMA: Hiyo ni mabaki ya wingi milikishi "fōta", umbo la wingi lenye maana ya "ya" au "za", uliotumika kwenye vipimo. Haukuwa na i, kwa hiyo irabu ikabaki ilivyo.

REHEMA: Wanaojifunza Kiaisilandi, angalizo: neno ni la kiume, kwa hiyo "miguu ile" ni "fæturnir". Hata wenyeji huteleza wakasema "fæturnar", kwa sababu linafanana na "bækur", vitabu, ambalo ni la kike.