Tegu wa Nguruwe na Kifafa: Mhadhara kwa Wafugaji, Busia

Hamjambo, mabibi na mabwana. Asanteni kwa kuacha mashamba yenu asubuhi hii.

Nianze na msiokula nguruwe, Waislamu na ndugu zetu Wasabato. Ugonjwa huu wa tegu, mnyoo bapa wa nguruwe, unawahusu nanyi. Anayekula nyama yenye malengelenge ya tegu, yaani vifuko vya maji vyenye kijiminyoo ndani, tena haijaiva vizuri, hupata mnyoo utumboni. Huenda ukapita mita 2 na mwenyewe asihisi lolote. Lakini choo chake kina mayai yasiyoonekana kwa macho, na mayai hayo ndiyo yanayoleta balaa ubongoni, si ile nyama. Ukiyameza, kwa mikono michafu au sukuma wiki isiyooshwa, vijiminyoo hutoboa utumbo, hubebwa na damu, hujichimbia ubongoni na kuwa malengelenge humo. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika habari za Wayahudi wa New York, watu waliokatazwa nguruwe na dini yao, waliopata ugonjwa huu. Walioshukiwa kuuleta ni wasaidizi wa nyumbani waliotoka nchi zenye tegu.

Lengelenge laweza kukaa kichwani miaka kadhaa kimya. Linapoanza kufa, ubongo huvimba, na mtu mzima ambaye hajawahi kuugua kifafa anaanguka sokoni. Watu wanasema amerogwa, wanakimbia povu. Jamani, povu haliambukizi! Mlaze ubavu, msimtie kijiko mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba panapoenea tegu, takriban asilimia 30 ya kifafa hutokana naye.

Sasa nguruwe. Mnunuzi mzoefu humbana mnyama, humpanua mdomo kwa kijiti, huuvuta ulimi kwa kitambaa na kuupapasa kwa chini. Akigusa vivimbe kama punje za mchele, anaondoka. Vizuri, ila ulimi safi si cheti: malengelenge machache hujificha ndani ya misuli. Na yule mwenye nguruwe aliyekataliwa, tafadhali, asimchinje usiku auzie majirani.

Nguruwe huyo alikula kinyesi cha mtu. Mkishavuna mahindi mnawafungulia wazurure, na nyuma ya migomba kuna watoto wanaojisaidia. Kwangu mimi choo na banda vinatangulia dawa yoyote.

Na dawa yenyewe ya minyoo, msijinunulie dukani kwa sababu ya kifafa. Ikiua malengelenge ya ubongoni ghafla, uvimbe huongezeka na degedege huzidi. Mgonjwa apigwe picha ya kichwa kwanza, daktari aamue, na asiache vidonge vyake vya kifafa.